Nilipopewa Mama Mkwe Nimwelekeze

Mkuu wa chuo alikuwa Mwingereza mrefu, mpole, mtu wa kupenda kuwapangia watu mambo yao. Asubuhi ya mwanzo wa muhula aliniita ofisini akanimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, nami nikajua hapo hapo kwamba kuna mzigo unakuja. Tangu Uhuru Wazungu wenzake walikuwa wakifungasha na kwenda kwao, mmoja leo, mwingine mwezi ujao, na nafasi zao pale chuo cha ualimu zilijazwa na watu wetu waliotolewa shule za msingi. Walikuwa walimu wazuri, ila hawajawahi kusimama mbele ya watu wazima. Mimi nami sikuwa na miaka mingi pale, lakini kwa hesabu ya siku zile nilikuwa mkongwe, kwa hiyo kazi ya kuwaelekeza wageni ikaniangukia. Nilitakiwa kuketi nyuma ya darasa mgeni akifundisha, kisha nimweleze palipo pazuri na palipoharibika, hadi muda wake wa majaribio uishe na mkuu aamue kama athibitishwe kazini au arudi alikotoka.

Muhula huo mgeni alikuwa mmoja tu, na alikuwa mama mzazi wa mke wangu.

Kwamba ameitwa chuoni nilijua. Kijijini kwake, upande wa Navakholo, walimsindikiza hadi barabarani kwa nyimbo za kanisa, mwanamke wa kwanza wa pale kuitwa kwenda kufundisha walimu. Nilifurahi na kujigamba kidogo kwa watu wa kwetu Khwisero. Nilichodhani ni kwamba atapewa mtu mwingine wa kumwongoza, na mimi na yeye tutaishi chuo kimoja jinsi wakwe wanavyoishi kwetu: akipita huku, mimi nipite kule.

Maana kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono. Hawali meza moja, hawatazamani usoni, hawabaki chumba kimoja bila sababu nzito. Si chuki hata kidogo, ni heshima, na pengine hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Alipokuja kwangu kumwona mjukuu, mimi nilitokea mlango wa nyuma nikakae kwa jirani mpaka aondoke. Haya ya ukweni si jambo la kichwani tu. Shingo inapata moto, macho yanatafuta ardhi, na ulimi unakuwa mzito mdomoni.

Nilijaribu kumweleza mkuu. Alinisikiliza kwa makini sana.

"Mmegombana?" akauliza.

"Hapana, bwana. Tunaheshimiana."

"Basi vizuri zaidi," akasema, akaniongeza chai.

Siku ya somo lake la kwanza niliketi nyuma kabisa, kwenye kona. Alikuwa akiwafundisha wanafunzi namna ya kumfunza mtoto mdogo kusoma. Aliingia vizuri, akasalimia, akainua macho, akaniona. Akageukia ubao. Somo zima alilifundisha akiwa ameuelekea ubao, sauti ikipungua mpaka sisi wa nyuma tukawa tunasikia chaki tu. Wanafunzi walikuwa watu wazima, wengine wana watoto, na karibu wote walikuwa wa hapa kwetu, kwa hiyo hawakuhitaji kuelezwa. Mmoja alisogeza kiti chake taratibu ili mwili wake unizibe. Wengine waliinamisha vichwa. Darasa zima liliona haya kwa niaba yetu, nami niliinuka nikatoka nje kwa kunyata, mwalimu mzima na tai yangu shingoni.

Tangu siku hiyo nilikuwa nakaa barazani, juu ya stuli, chini ya dirisha la darasa lake, nikisikiliza. Kila aliyepita alikuwa na lake la kusema. "Mwalimu, umefukuzwa?" "Mwalimu, leo hukumaliza kazi ya nyumbani?" Nilicheka nao, lakini moyoni sikucheka.

Kwa kusikiliza tu, kosa lake nililitambua upesi. Alikuwa akiuliza swali, na kabla mtu hajavuta pumzi, analijibu mwenyewe. "Kwa nini mtoto huyu amelisoma neno hili vibaya? Amelisoma vibaya kwa sababu haoni vizuri ubaoni." Swali, jibu, swali, jibu, na sauti ni moja. Watu wazima wakishaona kwamba hawahitajiki, wanalala. Nilisikia hata jinsi walivyolala, maana miguu iliacha kusogea chini ya madawati.

Sasa nimwambieje? Mkwe kumwambia mama mkwe kwamba amekosea ni jambo ambalo hata wazee wasingejua lianzie wapi. Nikamtuma mke wangu. Nilijiona mwerevu. Mama yake alipewa nyumba ndogo nyuma ya nyumba za wakufunzi, mwendo mfupi tu, na mke wangu alikuwa akienda huko kila jioni.

"Mwambie mama akiuliza swali anyamaze, awaachie wanafunzi," nikamwambia.

Alienda, akarudi. "Amesikia."

"Amesema nini?"

"Amesema asante."

Juma lililofuata niliketi barazani nikangoja mabadiliko. Yakaja, ila ya kinyume. Sasa alijibu upesi zaidi, tena kwa furaha, na maswali yenyewe yaliongezeka. Nikamtuma mke wangu tena, safari hii kwa maneno makali kidogo. Akarudi na lile lile: amesikia, amesema asante. Nikamtuma tena. Nikaanza kukasirika. Niliwaza kwamba mama huyu ananidharau, kwamba machoni pake mimi bado ni yule kijana aliyekuja kuomba mke kwa suti ya kuazima, na leo nimepata wapi kinywa cha kumfundisha kazi. Nilisusa chakula siku hiyo, jambo ambalo halikumsumbua mtu yeyote nyumbani.

Kisha mkuu mwenyewe akaja kuketi darasani mwake. Alipotoka alisimama karibu na stuli yangu, akavua miwani.

"Anazungumza peke yake," akasema. "Ni mtu mwema, lakini anazungumza peke yake. Mwisho wa mwezi nitarudi. Nikikuta ni vile vile, itanibidi nimrudishe shuleni kwake. Nasikitika."

Aliposema kumrudisha, niliona ile barabara ya murram ya Navakholo, na wale waliomwimbia wakimwona anashuka na sanduku lake. Niliona mke wangu akienda sokoni siku hiyo, watu wakinong'onezana. Shingo yangu ilipata moto pale pale nilipoketi, na hata mama mkwe mwenyewe hakuwepo.

Nilienda nyumbani moja kwa moja. Mke wangu alikuwa jikoni akisonga obusuma, ugali wetu. Mimi na yeye hatukuzaliwa katika lugha moja, kwa hiyo mambo mazito tuliyasemea Kiswahili. Nilimwambia yote aliyosema mkuu, tena kwa sauti. Nikamwambia mama yake ana kichwa kigumu.

Akaacha mwiko kwenye sufuria. "Hana kichwa ngumu," akasema. "Mimi sikumwambia."

"Hukumwambia nini?"

"Hiyo yote. Nilimwambia unapenda vile anaulizanga maswali. Nikamwambia unafurahi vile anajibunga bila kusita."

"Kila mara?"

"Kila mara." Alikuwa ameanza kulia. "Wewe unataka niende kwa mama yangu nimwambie bwana yangu anasema hajui kazi? Wewe unaweza beba maneno kama hiyo upelekee mama yako?"

Kweli, nisingeweza. Nilikuwa nimemtwika haya yangu mwenyewe aipeleke kwa niaba yangu, na yeye akaitupa njiani, kama ambavyo mtoto yeyote anayempenda mama yake angefanya. Lakini lililonichoma zaidi ni jambo jingine. Mama huyu hakuwa amenidharau. Alikuwa ananitii. Kila nilipotuma ujumbe alipata habari kwamba mkwe wake anafurahia kujibu kwake, na kila asubuhi alijitahidi kujibu zaidi ili mkwe wake aliye nje barazani afurahi. Wiki zote hizo mimi nilikuwa pale, nikinuna, nikisikiliza mtu mzima akijiharibia kazi kwa ajili ya kunipendeza. Niliona aibu ambayo sijui kuieleza mpaka leo, na sikujua niiweke kwa nani, maana katika sisi watatu hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Mke wangu alifunika sufuria akaenda kwa mama yake kusema ukweli. Alirudi macho mekundu, akapakua chakula.

Asubuhi yake nilikwenda kwenye stuli yangu mapema kuliko kawaida kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Darasa lilikuwa bado tupu. Nikasikia mlango, nikasikia kiti kikivutwa hadi karibu na dirisha, juu yangu, upande wa ndani wa ukuta.

"Mkwe," sauti yake ikasema.

"Ndiyo, mama."

"Usiingie."

"Siingii, mama."

Alisema nami kwa Kiswahili. Nadhani kwa lugha ya nyumbani kwake maneno yale yasingetoka. "Huyo mtoto ameniambia vile mambo iko. Sasa sema wewe mwenyewe. Mimi naangalia ubao, wewe angalia miti. Sema yote."

Nikaangalia miti, nikasema. Nilisema kwamba anajibu maswali yake mwenyewe. Nilisema kwamba wanafunzi wanalala, kwamba mkuu ameliona, na kwamba mwisho wa mwezi atakuja tena, na asipoona tofauti atamrudisha. Kila sentensi niliianza na "mama", na haikusaidia kitu.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu mwanzo, mama."

"Na wewe ulikuwa unasikianga hapo nje?"

"Ndiyo, mama."

"Hata wanafunzi walikuwa wanajua?"

"Nadhani walijua."

Nikasikia kiti kikisogea. Nilidhani ameondoka. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujifunza, "Nikishauliza, ninyamaze mpaka lini?"

"Mpaka mtu ajibu."

"Na kama hakuna mtu?"

"Atakuwepo tu."

"Wale wangu wa darasa la kwanza, mwalimu akinyamaza wanalianga. Wanakuja shule bila kula. Ukiwauliza kitu halafu uwaangalie hivi, wanaanza kulia. Ndiyo nikazoea kuwajibia."

"Hawa wana ndevu, mama," nikasema, kabla sijafikiri.

Alicheka. Kicheko kifupi, cha ghafla, na mimi kule nje nikacheka. Kisha sote wawili tukakumbuka sisi ni nani, na tukaacha mara moja. Nikasikia kiti kikirudishwa mahali pake.

Mkuu alirudi kama alivyosema. Aliketi ndani kwenye kona yangu ya siku ya kwanza, nami barazani. Mama mkwe alieleza kidogo, kisha akauliza: mtoto akisoma neno kwa kukisia, mwalimu afanye nini? Halafu akanyamaza.

Ukimya huo sitausahau. Nilisikia chaki ikiwekwa mezani. Nilisikia kuku wa mpishi wakiparua nyuma ya jiko. Hakuna aliyejibu, na hakuna wa kumlaumu, maana wanafunzi wale walikuwa wamezoea kutohitajika. Nilimsikia akikohoa, nikajua anapigana na jibu lililo kooni. Mimi mwenyewe nilitaka kusimama dirishani nilitoe jibu hilo kwa sauti. Mwishowe mwanafunzi mmoja mtu mzima kutoka Matungu, mwenye sauti ya polepole, akajibu, na akakosea. Mama mkwe hakumrekebisha. "Nani anaona vingine?" akauliza, akanyamaza tena. Hapo wakaanza, mmoja, mwingine, mpaka wakawa wanabishana.

Mkuu alitoka akitabasamu. Alinipa mkono pale barazani akasema nimefanya kazi nzuri sana na yule mama. Niliupokea mkono wake nikiangalia viatu vyake.

Akathibitishwa. Mke wangu alichinja ingokho, jogoo mkubwa tuliyekuwa tukimtunzia Krismasi, akampika siku nzima kwa furaha, akamfunika ndani ya bakuli akampelekea mama yake. Nilibaki nyumbani na mtoto, nikiwaza kwamba sasa mambo yatarudi yalivyokuwa: yeye apite huku, mimi nipite kule.

Mke wangu alirudi na bakuli limefunikwa vile vile, halijaguswa. Akaliweka mezani.

"Mama ameomba mkuu amhamishe," akasema. "Chuo ya mbali. Muhula ikiisha anaenda."

"Kwa nini? Si amethibitishwa?"

"Amenipa maneno nikuletee." Alisimama wima, mikono mbele, jinsi mtoto wa shule anavyosimama kusema alilokariri. "Amesema, mwambie mwalimu wangu asante, amenitoa kwa aibu. Halafu amesema, mwambie mkwe wangu siwezi kaa mahali yeye anapita. Amesema kila akisikia kiatu yako anasikia tena yale maneno ya dirishani. Kwa hii nyumba hataingia tena. Mtoto tutakuwa tunampeleka kwake."

Mtoto alikuwa mapajani mwangu akivuta tai yangu. Kisha nikamwuliza mke wangu kama hayo ndiyo yote, kama hakuna neno alilopunguza au kulipaka sukari njiani.

"Hapana," akasema. "Hii nimekuletea vile nilipewa."