Nukta Niliyoiweka kwa Mama Mkwe

Aibu hii bado ina joto, na kule Pap Onditi, kwa wakwe zangu, kuna watu wakiniona tu wanaanza kuhesabu ng'ombe wao. Lakini bora mniskie mimi mwenyewe kuliko muipate kwa shemeji zangu, ambao wanaisimulia kila matanga na kila mara wanaongeza askari kumi.

Kazi yangu, ile niliyokuwa nikiwaringia kwamba ni ya siri (ndiyo, ninyi), ni kupanga ramani. Niko kwenye ofisi moja ya usalama ya serikali hapa Kisumu, ambako taarifa za machifu zinaletwa nami naziingiza kwenye kompyuta kama nukta: hapa panapikwa pombe ya chang'aa, hapa pamefichwa ng'ombe wa wizi. Shida ni kwamba chifu anaandika "karibu na ule mti ulianguka", sasa hebu tafuta kwenye picha ya setilaiti mti ambao haupo.

Tulipoletewa mfumo mpya ilibidi niujaribu kwa nukta ya uongo. Desturi ya ofisi, tangu kabla sijaajiriwa, ni kwamba nukta ya majaribio inawekwa katikati ya ziwa, mahali ambapo hata ukikosea utasumbua mbuta tu. Mimi nikajiona nimesoma kuliko desturi. Nilitaka kuona kama mfumo unafuata barabara vizuri, na ziwani hakuna barabara, kwa hiyo nikachagua boma ninalolijua mpaka jikoni, kwa mama yake Akinyi, mchumba wangu, ambako mwezi uliotangulia nilikuwa nimepeleka ng'ombe sita wa mahari na harusi ilikuwa imebaki wiki tatu. Mfumo ukauliza aina ya kosa, nikabonyeza la kwanza kwenye orodha: maficho ya ng'ombe wa wizi. Ukauliza idadi, nikaandika sita. Rangi ya mlango, bluu. Kisha nikaenda kunywa chai, na kufuta nikasahau.

Alhamisi wakaja wageni watatu kutoka makao makuu, suti na manukato, na Afande, mkubwa wangu, akataka kuwaonyesha kwamba Kisumu hatulali.

"Tuonyeshe ile taarifa iko sure kabisa," akaniambia.

Nikabonyeza. Sasa ule mfumo, kwa akili zake, unapanga taarifa kwa kuangalia iliyojazwa vizuri, na kati ya zile zote za machifu zenye miti iliyoanguka, iliyojazwa mpaka rangi ya mlango ilikuwa moja tu. Ikapanda juu kabisa, kijani, inang'aa.

"Hii ndiyo kazi," mgeni mmoja akasema. "Kila kitu iko."

Hapo ndipo ningesema. Lakini nilikuwa sijasifiwa ofisini tangu niajiriwe, nikajikuta nasema asante, mkuu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilitia ziwa zima. Afande akavaa kofia, akasema twende sasa hivi, wageni wajionee.

Tulipokaribia Katito nikajaribu kujiokoa. "Afande, si tumuulize chifu kwanza?"

"Chifu wa nini na satellite iko?"

Ramani ikatufikisha mpaka mlango wa bluu bila kukosea hatua moja, nalisema hilo kwa uchungu. Mama yake Akinyi alikuwa uani anachambua omena, wale dagaa wetu, pamoja na wamama wa kanisa. Kwetu mkwe haendi kwa mama mkwe bila kutuma habari, na mimi nilikuwa nimekuja na magari matatu na bunduki. Nikajibanza nyuma ya gari la mwisho. Afande akahesabu ng'ombe zizini, wakawa sita kamili, akawageukia wageni na uso wa mtu aliyekwisha kupandishwa cheo.

"Mama, hii ng'ombe imetoka wapi?"

"Uliza huyo mwenye amejificha nyuma ya gari. Si ndiye alileta."

Wakageuka wote, hata wamama wa omena.

"Ni wa mahari, Afande," nikasema.

"Karatasi ziko?"

Hazikuwako. Aliyeniuzia pale Katito aliniambia ningoje barua ya chifu, nami nikamjibu, kifua mbele, kwamba serikali ni mimi. Na kwa vile Afande hangeweza kurudi nyuma mbele ya wageni, akaamuru ng'ombe wapelekwe kituoni mpaka karatasi zipatikane.

Mama akainuka, hakupaza sauti. "Ora," akasema (ndivyo mkwe anavyoitwa kwetu), "unajua ng'ombe ya mahari ikitolewa kwa boma, hiyo ndoa imeisha?"

Nilijua. Akinyi alikuwa amesimama mlangoni, akaniangalia mpaka ng'ombe wa mwisho alipotoka, kisha akafunga. Nililia njia nzima hadi Kisumu, na mgeni mmoja akanipa kitambaa akidhani ni vumbi.

Jumamosi nilipata barua ya chifu, nikawaswaga wale ng'ombe kwa miguu kutoka kituoni, katikati ya soko, nimevaa jaketi la kazi, wamama wakinipigia vigelegele ambavyo havikuwa vya heri. Wajomba wa Akinyi wakanisimamisha langoni wakaisoma barua kwa sauti, mara mbili. Mama akahesabu.

"Iko sita. Ya saba iko wapi?"

"Nilileta sita, Mama."

"Sita ni ya Akinyi. Ya saba ni ya kunishtua."

Nikaleta ya saba, na karatasi yake. Harusi ikafanyika, ila imechelewa miezi miwili.

Sasa nukta zangu zote za majaribio ziko ziwani, na nikisifiwa natafuta kwanza nimekosea wapi. Ile moja tu ndiyo imenishinda. Wageni waliandika kwamba operesheni ilifaulu, kwa hiyo kwenye ramani boma la mama mkwe ni maficho yaliyothibitishwa, na kuyafuta kunahitaji sahihi zao, nao hawajibu barua. Nami kila nikienda kumsalimia, mama huchungulia barabara nyuma yangu kwanza, ndipo anifungulie ule mlango wa bluu.