Mama Mkwe wa Ngoitokitok

Siku hizi, ifikapo saa nne asubuhi, bonde la Ngorongoro huingiwa na kimya. Ukungu umeshapanda ukingoni, magari yametawanyika kule chini, redio zinakwaruza, na hakuna anayesema. Hiyo ndiyo saa ambayo Bura Akonaay alikuwa akishika kipaza sauti na kukohoa kwanza, kama padri kabla ya mahubiri. Sisi madereva wa zamani bado tunakisubiri kikohozi kile. Hakiji.

Yeye ndiye aliyetubatizia wanyama. Wageni walikuwa wanajifunza Kiswahili kabla hata ya kupanda ndege. Ukitaja faru redioni, gari zima linasimama juu ya viti, na faru akizama majanini kabla hamjafika, unabaki na nyuso za msiba hadi jioni. Bura akasema tuwe na majina yetu. Simba dume akawa Sharubu. Chui akawa Mpangaji wa Juu. Faru akamwita Mama Mkwe.

"Fikirieni wenyewe," alitueleza. "Haonekani ovyo. Ukimwona unasimama mbali, unazima injini, unashusha sauti. Ukijisahau ukasogea, hapo ni wewe na Mungu wako."

Tulicheka sana. Yeye alicheka kutuzidi, maana wakati ule alikuwa hajaonja.

Jioni moja alirudi kutoka Serengeti akakuta mlango umefungwa na ufunguo uko kwa jirani. Mke wake, Paskalina, alikuwa amerudi kwa mama yake, Rhotia. Jirani akamwambia, "Si alikuwa anafunga mizigo wiki nzima, baba? Hukuona?" Bura, mtu wa kuona ncha ya mkia wa chui kwenye mgunga ulio ng'ambo ya mto, hakuwa ameona mizigo ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Akatuma wazee Rhotia. Mama Paskalina akawapa chai na viazi, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema binti yake atarudi siku yeye mama atakaporidhika kwamba yule bwana ana macho ya nyumbani pia. Wazee wakarudi wameshiba, mikono mitupu. Bura akaanza kukonda. Utani wake redioni ulibaki uleule, ila sasa baada ya kila utani alinyamaza kidogo, kama mtu anayesikiliza kama kuna mwangwi.

Siku ninayoikumbuka tulikuwa wote bondeni, gari langu nyuma ya lake. Alikuwa amebeba dada wawili wazee, Wajerumani, siku yao ya mwisho, nao walikuwa wameshaona kila kitu isipokuwa faru. Ghafla redio ikapasuka kwa sauti ya Qamara, dereva mwenzetu wa Karatu.

"Bura! Bura! Mama mkwe yuko Ngoitokitok, kando ya maji!"

Bura akakohoa. "Amelala au amesimama?"

"Amesimama!"

"Yuko peke yake?"

"Yuko na wenzake, kundi zima!"

Kundi zima! Tangu lini faru wakaenda kwa kundi?

"Ana hali gani?" Bura aliuliza, na injini yake tayari inalia.

"Ana hasira, kaka! Wewe njoo tu!" Mengine yakamezwa na mikwaruzo.

Vumbi lililonyanyuka siku ile lingetosha kujenga kijiji. Kila aliyesikia aligeuza gari. Tulifika Ngoitokitok, pale kwenye maji ambapo wageni huruhusiwa kushuka na kula, tukajipanga mstari, mapaa juu, darubini na kamera tayari. Na katikati ya lenzi zote hizo, mbele ya viboko waliokuwa wakipumua majini, alikuwa amesimama Mama Paskalina wa Rhotia. Amevaa kitenge cha zambarau cha akina mama wa parokia. Mkono mmoja kiunoni, mwingine umebaki hewani, mtupu: mwewe alikuwa ametoka kumnyang'anya paja la kuku. Nyuma yake kwaya nzima. Parokia ilikuwa imekodi magari kuja kutembea, na moja aliliendesha Qamara.

Mgeni wangu mmoja alimpiga picha kadhaa kabla ya kuuliza huyu ni nani.

Bura alisimama mbali. Akazima injini. Akashusha sauti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Aliliacha neno lipoe. "Redio ya huyu kijana naisikiliza tangu tunateremka. Mama mkwe ana pembe mbili. Mama mkwe kagaagaa kwenye matope. Mama mkwe kaacha lundo la mavi njiani. Ndivyo mnavyotutunza, mkwe?"

"Mama, si wewe. Ni... ni faru."

Kwaya ikapasuka. "Mama Paska, mshukuru Mungu," mmoja akapaza sauti, "wangeweza kukuita fisi!"

Mama Paskalina hakucheka. "Ukungu wa bonde hili nauona kila asubuhi tangu nizaliwe. Faru sijamwona hata siku moja. Nipeleke nikamtazame huyo mwenzangu."

Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai benchi moja, sembuse gari moja. Bura akatazama mbingu, hakupata msaada. Wale dada wawili, bila kujua lolote, walisogea na kupigapiga kiti kwa viganja: karibu, karibu. Mama Paskalina akapanda. Bura akaendesha shingo imekaza kama aliyebeba yai kichwani, nasi tukamfuata, maana nani angekubali kukosa?

Redioni hapakuwa na aliyethubutu kutaja jina. "Jamani," sauti moja ikanong'ona hatimaye, "yule... yule mheshimiwa... yuko pembeni ya msitu wa Lerai."

Alikuwepo kweli, na ndama wake. Mbali kidogo alisimama mwingine aliyekaribia ukubwa wake, peke yake. Niliegesha ubavuni mwa Bura. Madirisha yalikuwa wazi.

"Na yule mpweke?" aliuliza Mama Paskalina.

"Ni mwanawe wa kwanza, mama. Amekua, kwa hiyo mama yake amemfukuza akajitegemee. Kila akirudi, anasukumwa."

Wajerumani walikuwa wakilia kwa furaha.

"Mkwe," akasema, "usinipitishie maneno kwenye pua ya mnyama. Mimi si faru. Niambie, Paskalina alivaa nini mara ya mwisho ulipomwona?"

Bura hakugeuka. Mikono yake ilibaki kwenye usukani.

"Gauni la kijani," akasema. "Kifungo cha juu kimetoka, amebana kwa pini. Nilikuwa napaona kila asubuhi, mama, pale kifungo kinapokosekana. Siku nyingi."

"Ukasema nini?"

"Sikusema kitu."

Ndama akapita chini ya shingo ya mama yake. Mama Paskalina alimtazama mpaka alipotokea upande wa pili.

"Huko unakohoa kwanza ndipo uwatangazie wenzako mavi ya faru," akasema polepole. "Nyumbani unaona, unanyamaza." Akajifunga upya kitenge chake. Nadhani hapo ndipo alipotabasamu, ila alikuwa ametazama nje. "Jumapili njoo Rhotia. Njoo na kifungo."

Alikwenda na kopo zima la vifungo, kwa sababu hakuwa na uhakika wa rangi. Paskalina alivimwaga vyote mezani, akachagua, akamwambia kila kimoja kwa nini hakifai. Mchana kutwa, Bura alijibu.

Aliendesha miaka kadhaa tena kabla mgongo haujamkatalia. Sasa anaishi Rhotia na mke wake, ng'ambo ya korongo kutoka kwa mama mkwe, na analima mbaazi.