Kibuyu cha Dengu Kutoka Nkoma

Mama alinichukua safari hii kwa sababu moja tu: nasoma kidato cha tatu, basi anaamini najua Kiingereza. Mnunuzi kutoka India alikuwa anakuja ghalani Bariadi kuangalia dengu, na kila kikundi kiliambiwa kipeleke sampuli. Magunia ya kikundi cha akina mama wa kwetu yako stoo nyumbani. Mgeni akiyakataa, yanaishia kwa walanguzi. Mimi kuongea mbele za watu siwezi. Hata darasani nikiitwa kujibu, najificha nyuma ya daftari. Nilienda kwa kuwa Mama hakuniuliza.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka Nkoma kwa bodaboda, mimi katikati, Mama nyuma na kibuyu chake cha sampuli mapajani.

"Mwangaluka, mayu!" jirani alitusalimia kwa Kisukuma. "Hayo maziwa mnampelekea nani?"

"Si maziwa, ni mchumba anakwenda kuonwa!" Mama alijibu, tukapita.

Njia nzima ni mbuga ya udongo mweusi, mashamba yameshavunwa, ng'ombe wanakula mabua. Mahali pamoja tulisimama muda mrefu kuwapisha. Mama alitaka tuwahi, ila ng'ombe hawaambiwi.

Saa tatu tulifika. Ghalani sampuli za vikundi vingine zilikuwa zimepangwa mezani kwenye sahani, zinang'aa. Karani wa ghala, mtu wa Moshi, akamimina za kwetu. Vumbi la kijivu likaruka mpaka kwenye shati lake.

"Mama, umeleta dengu au umeleta jiko?"

Watu wakacheka. Nilitamani kuingia ndani ya kibuyu.

"Jivu ndilo blanketi lake, baba," Mama akasema. "Mdudu hazigusi. Nipe ungo."

Akapepeta. Zikabaki dengu kubwa, safi, za kulingana. Mgeni, mzee mwembamba mwenye miwani, akaing'ata moja, akatabasamu, akasema kitu.

"Anauliza, magunia yote yako hivi?" karani akatafsiri.

Mama akafungua mdomo ajibu. Mimi nilijua ukweli. Zile zilikuwa dengu za mbegu. Kwetu mgeni hapewi cha kawaida, kwa hiyo Mama alikuwa amemchagulia punje mojamoja. Za magunia zina ndogondogo na vijiwe. Angejibu ndiyo, siku lori likija kupakia tungeaibika kijiji kizima.

Kiingereza chote kilinikimbia. Nikasema kwa Kiswahili, "Hapana. Hizi ni mbegu. Za magunia si nzuri hivi."

Mama alinikata jicho, sitalisahau. Karani akatafsiri. Mgeni akanitazama, halafu akauliza Nkoma ni umbali gani.

Saa saba mchana tulikuwa ndani ya gari lake, tunarudi. Mama alikuwa amenipa mgongo. Mgeni akauliza, kupitia karani, sisi dengu tunazilaje. Mama akasema na ugali. Mgeni akasema kwao wanazisaga unga na kukaanga.

"Dengu ziwe unga!" Mama akashangaa. "Haya, kila mtu na kwao."

Nyumbani karani alichoma magunia kwa bambo, kile chuma cha kutolea punje bila kufungua gunia, na mgeni akapekua punje kiganjani. Alisema zinafaa, ila zichekechwe kwanza. Gunia moja tu alilikataa, lina vijiwe mno. Lilikuwa la Mama mwenyewe.

"Hilo tutakula," Mama akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Bariadi akacheka. Mgeni alipoaga, Mama akamfungia mbegu kidogo, na jivu lake. "Mwambie asizioshe," akamwambia karani.

Wenzake wa kikundi walipokuja kuuliza ilikuwaje, Mama alininyooshea kidole. "Huyu. Uongo ulikuwa mdomoni mwangu, akaniwahi."

Nimejifunza kwamba mgeni wa kula unampa mbegu, lakini mgeni wa biashara unamwonyesha gunia. Leo tumekula dengu na ugali. Mimi nimeng'ata vijiwe viwili, Mama kimoja.