Meno ya Nyumba Yetu

Kwetu, chini ya Mlima Meru, hakuna mwanamke anayecheka mdomo wazi. Stori ikinoga, mkono unapanda wenyewe mpaka mdomoni, tunachekea kiganjani. Meno yetu ni ya kahawia. Si uchafu, jamani, ni maji! Yanashuka mlimani yamejaa floraidi, mtoto anayanywa, na jino linaharibika rangi likiwa bado ndani ya fizi. Ukipiga mswaki mpaka mkono uchoke, haling'oki doa. Nilipokwenda kusoma Dar, nilikuwa sijamaliza hata kujitambulisha, mtu anasema, "Ahaa, wewe wa Arusha." Niliumia, nisiseme uongo.

Basi nilipojifungua binti nikaapa kwamba huyu atakuwa na meno meupe. Mume wangu ni Mchaga, kakulia Kilimanjaro, meno yake meupe pee na anayaonyesha hata msibani. Nilitaka mtoto achukue ya huko.

Nikaanza kuchemsha maji. Hapa Sombetini tulipojenga, majirani walidhani napika pombe ya gongo. Najaza sufuria, naiacha itokote mpaka maji yabaki nusu, ndipo moyo wangu unatulia. Mume akiuliza gesi inakwenda wapi, namtazama tu mpaka anatoka nje mwenyewe.

Siku nilipompeleka mtoto kwa daktari wa meno, jino lake la kwanza likiwa limechomoza, nikamsimulia utaratibu wangu kwa maringo yote. Daktari, dada mmoja mpole, akaweka kalamu chini.

"Mama, ukichemsha, vijidudu vinakufa. Floraidi haifi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki."

Mungu wangu! Kumbe nilikuwa namkolezea mtoto. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini mimi sishindwi kirahisi. Nikamuuliza, kama ni mbaya hivyo, mbona imeandikwa kwenye dawa ya meno?

"Kidogo inakinga meno yasitoboke. Ikizidi utotoni ndiyo inayaharibu. Na ina kazi nyingine nyingi. Hata viwandani inasaidia kutengeneza aluminiamu, kama ya hiyo sufuria yako."

Nikamwambia sufuria yangu aiache.

Tangu hapo mtoto akawa wa maji ya mvua. Kiangazi kilipokausha simtanki la kuyakingia, tukanunua chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, maana mkaa huo unaikamata floraidi. Mama yangu mzazi, aliyekuwa amehamia kwetu kunisaidia kulea, akalizunguka lile chujio mikono kiunoni.

"Mifupa ya ng'ombe? Sasa haya ni maji au supu?"

Supu nisingeijali. Vita yetu ilikuwa magadi. Kwa mama, makande bila magadi ni adhabu, maharage hayalainiki. Na magadi nayo yamejaa floraidi hiyohiyo. Nikiyatupa, anakwenda sokoni Kwa Mrombo kununua mengine, anayaficha kwenye kopo la majani ya chai. Nikamkamata.

"Mimi meno yangu yamewahi kuuma?" akaniuliza.

"Hayajawahi, mama."

"Basi niachie maharage yangu."

Hapo nikapasuka. "Mama, mimi sina picha hata moja nikiwa nacheka! Hata ya harusi yangu nimefumba mdomo kama niliyelazimishwa kuolewa!"

Akalifunika kopo, akatoka. Nikajua nimemuumiza, maana meno niliyokuwa nayalalamikia ni yake pia. Kesho yake nikamkuta jikoni, maharage yamelowekwa usiku kucha, yanachemka kwa maji ya chujio bila magadi. Alikaa na ule moto mpaka yakasalimu amri. Hatukulizungumza tena jambo hilo.

Binti akaanza shule, meno ya utoto yakang'oka, tukasubiri. Asubuhi moja meno ya mbele yalipokuwa yamechomoza vizuri, tukamtoa uani kwenye jua.

"Fungua mdomo."

Meupe! Meupe kabisa! Nikapiga vigelegele mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Mama akayainamia, akayakagua moja moja, kisha akanyanyuka.

"Haya, meno tumeyaona. Sasa nirudishiwe magadi yangu."

Tukacheka, tukashindwa kusimama. Mikono ikapanda midomoni, wa mama na wangu. Halafu nikaona na wa tatu, mdogo, umefunika yale meno niliyoyapigania miaka yote hiyo.

"Wewe mtoto," nikamwambia, "unaficha nini?"

Akanishangaa. "Sifichi, mama. Si ndivyo tunavyocheka?"

Mama ndiye aliyetangulia kuushusha mkono wake. Akamchekea mjukuu wake juani, mdomo wazi, na meno yake yote ya kahawia nje. Wa kwangu ulikuwa mzito, lakini mtoto alikuwa ananitazama. Nikaushusha.