Ng'ombe wa Balambala Wasiohesabiwa

Hapa Muheza watu huniuliza nyumba hii ya mawe nilijengewa na nani. Nimejijengea mwenyewe. Baba yangu alikuwa mkata mkonge, na ada ya shule niliitafuta kwa kuuza machungwa stesheni. Diploma ya afya ya mifugo niliifuata Uganda, nikaipata, na picha yangu nikiwa nimeishika bado iko ukutani sebuleni. Aje aitazame anayetaka.

Lakini diploma bila kazi haikupikii ugali. Nyumbani nilikaa nikingoja nafasi mpaka nikachoka kungoja. Nikaenda Nairobi, na huko nikasikia kwamba Garissa ofisi ya mifugo haina watu. Vita vya shifta, waasi waliotaka kujitenga na Kenya, vilikuwa vimepamba moto, na vijana wenye diploma kama yangu, ukiwatajia Garissa, walikuwa wanakumbuka ghafla kwamba mama zao ni wagonjwa. Mimi nilipanda gari la msafara, askari mbele na askari nyuma, nikaenda.

Afisa wa mifugo, mtu wa bara asiyecheka, aliitazama diploma yangu pande zote mbili.

"Utakaa mpaka mwisho wa mwezi," alisema. "Nikiona una faida, nitakuajiri. La sivyo, msafara wa kurudi unaujua."

Nilipanga chumba kwa mama mmoja wa Kisomali aliyeuza maziwa karibu na msikiti. Jioni, amri ya kutotoka nje ilipoanza, sote tulijifungia uani mwake, naye alikuwa hana mtu mwingine wa kumtania ila mimi.

"Walaal," aliniita ndugu, kwa lugha yao, "hiyo karatasi yako nakamuliwa?"

"Haikamuliwi, mama."

"Basi lete, tufunike nayo maziwa. Nzi imezidi."

Asubuhi nilikuwa natembea. Nilishuka mpaka mto Tana, nikatazama bustani za kando ya maji, nikarudi kwenye soko la mifugo na kusimama nyuma ya wanunuzi nikijifunza ng'ombe weupe wa kule, wenye pembe fupi na nundu kubwa. Nilijifunza kunywa maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi. Kila askari wa darajani alijua sura yangu. Mgeni mwingine angejifungia chumbani akihesabu siku. Mimi nilitaka, kazi ikija, inikute naijua nchi.

Kazi ilikuja mwezi ukikaribia kuisha. Kulikuwa na habari za sotoka, tauni ya ng'ombe, upande wa Balambala, na wafugaji wa huko, ambao serikali ilikuwa imewakusanya karibu na kambi ya askari, walikataa kuleta ng'ombe kuchanjwa. Afisa alinipa sanduku la barafu lenye chupa za dawa, na sharti moja: nirudi na idadi ya ng'ombe waliochanjwa, kila mwenye ng'ombe na idadi yake. Nikishindwa, nipande msafara.

Nilifika Balambala na kuwakuta wafugaji wamesimama mbali na mifugo yao, mikono nyuma. Nikawasalimia vizuri. Nikawasifu ng'ombe, nikasema mashallah, kwa maana mimi ni Mwislamu mwana wa Mwislamu na najua jicho la hasidi. Nikadhani nimemaliza adabu zote. Kisha nikanyoosha kidole: mmoja, wawili, watatu...

Mfugaji mmoja mwenye ndevu zilizopakwa hina alinirukia mkono akaushusha.

"Wewe! Nahesabu ng'ombe ya watu na kidole? Na mdomo wazi? Kesho ikikufa, nani nazika?"

"Nataka kujua tu ni wangapi."

"Hata mimi sijui ngapi! Nikiangalia, najua nani hayuko. Basi." Akageukia wenzake. "Serikali nataka hesabu. Jana ilihesabu ng'ombe ya watu kule juu, leo imechukua yote, inasema ni faini ya kusaidia shifta. Huyu ni mkono ya serikali, kidole yake tu ndio refu."

Wakacheka, wakaanza kuwasukuma ng'ombe waondoke. Barafu ilikuwa inayeyuka. Niliona kabisa msafara wa kurudi, na mimi nyuma ya lori na diploma yangu mapajani.

Hapo ndipo akili ya mtoto wa mkata mkonge ilipofanya kazi.

"Adeer!" nilimwita yule mwenye hina, jina la heshima nililojifunza uani kwa mama wa maziwa. "Ng'ombe ni wako, sitawahesabu. Chupa ni zangu. Naruhusiwa kuhesabu chupa zangu?"

Alisimama. "Chupa ni yako. Hata ukitaka kuoa, oa."

"Basi changanyeni ng'ombe wote, wa kila mtu, wapite hapa mstari mmoja. Mimi sitajua yupi wa nani. Wala serikali haitajua. Wewe utawajua kwa macho, jioni uwachukue."

Walijadiliana kwa Kisomali, kwa sauti za ugomvi ambazo kumbe zilikuwa za kukubaliana. Kisha ng'ombe wakachanganywa. Vumbi likapanda, nami nikachanja mpaka sindano ikaniacha na malengelenge, na kila chupa iliyokwisha nikaitupa kwenye gunia. Dawa ya chupa moja inajulikana inatosha ng'ombe wangapi. Sikumnyooshea hata ndama kidole.

Nilipomwagia afisa gunia hilo mezani, alikunja uso.

"Kila mwenye ng'ombe na idadi yake, nilisema."

"Bwana, sotoka haiulizi mwenye ng'ombe. Waliochanjwa ni hawa."

Alizihesabu chupa, akapiga hesabu yake, akazihesabu tena. Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa funguo za stoo ya barafu, akanisukumia.

"Kesho kutwa unarudi Balambala," alisema. "Upande wa pili wa mto nao wamekubali. Wametuma mtu. Lakini wanasema hawataki mwingine, wanamtaka Dhalo. Dhalo ni nani?"

Dhalo kwa Kisomali ni chupa. Niliweka funguo mfukoni, nikavuta kiti bila kukaribishwa, nikakaa.

"Ni mimi," nilimwambia.