Matairi ya Meno na Mikono ya Mama Mkwe

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, na picha uliyonitumia jana imeirudisha yote. Umeniuliza kama hayo matairi ya meno makubwa yataifaa pikipiki yako ya kwendea kazini, kutoka Ilemela mpaka mjini. Uliposema bado hujayafunga, nilishusha pumzi. Kaa nikusimulie, maana na mimi niliwahi kuyapenda matairi kama hayo, na nusura yaniharibie nyumba.

Nilikuwa kijana, naishi Kisesa, napeleka maziwa mjini kila siku kwa pikipiki. Kuendesha nilijifunzia kijijini kwetu, ndani huko Magu, kwenye ule udongo mweusi ambao mvua ikinyesha unakuvua viatu. Huko tairi lisilo na meno ni kujitafutia kazi ya kusukuma. Basi tukakua tunaamini kwamba tairi linaloyaweza matope yale haliwezi kushindwa na kitu, sembuse lami. Usitucheke sana. Ndicho tulichokuwa tumekiona.

Matairi yangu yalipoisha nilikwenda mjini kwenye duka la spea la Mzee Jivan. Babu yake ndiye aliyelifungua duka lile, na yeye mwenyewe alizaliwa ghorofani, juu ya hilohilo duka. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza jambo moja tu.

"Unapita wapi kila siku?"

"Lami tupu, mzee. Kisesa na mjini."

Akanitolea matairi mawili yenye mifereji, karibu laini ukiyapapasa. Nikacheka, nikamwambia hivyo ni vipara, mimi nataka yale ya meno yanayoning'inia nje mlangoni. Akasema yale ni ya shambani, tena yamepigwa jua siku nyingi. Nikashikilia hayohayo. Akanitazama kidogo, akayashusha. Mzee yule hakuwa mtu wa kubishana na mwenye kichwa kigumu.

Wiki haikuisha, mama yako akajifungua mtoto wetu wa kwanza hospitalini mjini. Asubuhi yake bibi yako mzaa mama akanifikia kwangu Kisesa na kikapu cha unga wa uji, na hakutaka hata kusubiri gari. Akaniambia nimpeleke kwa pikipiki.

Sasa ona shida yangu. Kwetu mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Tangu nimwoe binti yake hatukuwahi kupeana mkono. Tulisalimiana mimi nimeinama, yeye anatazama pembeni. Nitampakiaje mtu kama huyo? Ufumbuzi aliupata mwenyewe. Alikaa kiupande, akaweka kikapu katikati yetu kama ukuta, mikono akashika keria ya nyuma. Nikaondoka nimekaa wima kama mwanajeshi wa gwaride.

Manyunyu yalikuwa yameanza, yale ya kwanza baada ya kiangazi, yanayochanganyika na vumbi na oili ya barabarani. Kabla ya kufika Igoma, ng'ombe mmoja akawaacha wenzake akaingia barabarani. Nikashika breki. Pikipiki haikusimama, mwanangu. Tairi la nyuma lilikwenda kulia, la mbele likakataa kunisikiliza, nikasikia "Yesu wangu!" na mikono miwili ikanibana kiunoni. Kikapu kilishakwenda. Tukateleza, tukapita nyuma ya ng'ombe karibu kabisa na mkia wake, tukaishia kwenye changarawe ya pembeni tukiwa wima. Wima! Mpaka leo sijui ni nani aliyeishika pikipiki ile.

Ile mikono ilibaki kiunoni kwangu kwa muda, kisha ikatoka taratibu. Akashuka, akakung'uta kitenge chake, akatazama unga uliotapakaa barabarani, halafu akainama kuyaangalia matairi.

"Mkwe," akasema bila kunitazama, "hili la kukushika Mungu atatusamehe sote wawili. Hili la matairi ni lako peke yako. Binti yangu angebaki na kichanga, hana mume, hana mama, kwa asubuhi moja."

Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Aibu nilikuwa nayo, ila kubwa zaidi ilikuwa furaha ya kusikia bado kuna mtu ananigombeza.

Alitembea mpaka Igoma, mimi nyuma yake nasukuma pikipiki, na pale akapanda gari. Mimi nikaenda polepole moja kwa moja kwa Mzee Jivan. Hakunicheka. Alibonyeza jino la tairi langu kwa kidole gumba, nalo lilikuwa gumu kama ukwato kwa kupigwa jua. Akanieleza kwamba meno marefu hukanyaga lami kwa ncha tu, lakini tairi la mifereji hulaza mpira wake barabarani na mifereji huyatoa maji. Alinifungia yale aliyonitolea mwanzo, akihakikisha mshale wa ubavuni, unaoonyesha tairi lizungukie wapi, unaelekea mbele, akanionya niende taratibu siku za kwanza kwa sababu mpira mpya huteleza.

Nilipofika wodini, bibi yako alikuwa amempakata mtoto.

"Yana mifereji?" akauliza.

"Yana mifereji, mama."

Akamlaza mtoto kitandani, akarudi nyuma hatua moja, ndipo nami nikamwinua, ili mikono yetu isigusane tena. Mtoto huyo ni wewe.

Kwa hiyo mwanangu, usitazame tairi lipi linaonekana kali. Tazama barabara yako. Yako ni lami, chukua la mifereji, lenye vipimo vilevile vilivyoandikwa kwenye hayo unayoyatoa. Lililoanikwa juani mlangoni liache hapohapo. Upepo upime, na usingoje mifereji ifutike ndipo ukumbuke duka. Siku ukija huku kijijini Magu wakati wa masika, pikipiki iache Kisesa, maana matope ya huku hayaendani na mifereji; nitakufuata mwenyewe.

Leo nimekunywa chai yangu kwa raha. Bibi yako nimemwambia unabadilisha matairi, na ameuliza neno lilelile. Mpigie umjibu. Mungu akufikishe kila uendako, mwanangu, na akurudishe kwetu ukiwa wima.