Ufunguo wa Bi Argia

Katika mji wetu wa Parma mtu husifiwa kwa shida. Husemwa kwamba mchoraji alipomaliza kuba la kanisa kuu, mbingu nzima imejaa malaika wakipanda, padri mmoja aliinua macho akasema ni mchuzi wa vyura. Wageni hutoka mbali kuja kuumiza shingo chini ya kuba hilo. Sisi tunapita tukienda sokoni, na vyura wale bado wanatuchekesha. Bi Argia Zambelli alizaliwa ng'ambo ya mto, na kama padri yule angekuwa na wajukuu, ningesema ni mmoja wao.

Mchana alikunja anolini dukani kwake, vile vipande vidogo vya nyama vilivyofungwa ndani ya unga ambavyo bila hivyo supu ya Krismasi ni maji ya moto tu. Mimi nilikuwa nikimsukumia unga. Jioni za opera tulipanda pamoja ngazi za pembeni hadi roshani ya juu kabisa, mahali ambapo kiti ni ubao usio na egemeo na mgongo wako ni wa kwako. Jumba lile la opera limepakwa dhahabu kila ukuta, na taa yake ni kama mti uliopinduliwa mizizi juu. Lakini waimbaji wakitoka hawaangalii dhahabu. Wanaangalia roshani.

Nafasi ya katikati, kwenye chuma cha ukingo kinachotazamana na jukwaa, ilikuwa ya Bi Argia. Hakuinunua. Nafasi ile ni ya mwenye mluzi, na kwetu mluzi ni wa kumzomea mwimbaji mbaya. Alitia vidole viwili mdomoni akapiga mmoja tu, mwembamba, kama sindano ikipita kwenye hariri, na roshani nzima ikafuata. Walikuwapo waimbaji waliofunga mizigo kabla ya pazia la mwisho.

Mwaka ule, majani yalipokwisha kuanguka, daktari alimng'oa meno ya mbele na kumpa ya bandia. Alijaribu mluzi dukani, mlango umefungwa. Ilitoka pumzi tu, kama birika lililokataa kuchemka. Alinitazama kwa jicho la kunikataza hata kuwaza. Sikusema kwa mtu, lakini ukimya wa Bi Argia barabarani ulisema wenyewe, na Ovidio Tanzi akausikia.

Ovidio alikuwa muuza nyama ya farasi aliyestaafu. Kwa muda mrefu alisimama nyuma ya bega la Bi Argia kule juu, akikitamani kile chuma. Siku chache kabla ya Krismasi aliingia dukani, wanawake wamejaa foleni.

"Bi Argia, nipigie mluzi kidogo. Mbwa wangu amepotea."

"Hajapotea. Amenusa mikono yako, akajua farasi wamekwisha."

"Meno yanang'aa kweli. Yanapiga mluzi, au ni ya kutabasamu tu?"

"Kwako hayatafanya hata moja."

"Basi sikia, mama. Siku ya Mtakatifu Stefano anarudi Quercetti."

Foleni nzima iligeuka. Sandro Quercetti alikuwa tenori, mwimbaji wa kiume wa sauti ya juu, ambaye Bi Argia alimfukuza kwa mluzi miaka kadhaa nyuma. Alipoondoka aliwaambia waandishi wa magazeti kwamba watu wa Parma wanajua paja la nguruwe tu, mambo ya sauti wawaachie wenye masikio. Mji haukumsamehe.

"Ukishindwa kumpigia," Ovidio akasema, "utakaa nyuma na wenye mito ya kukalia. Pale katikati nitasimama mimi."

"Unataka anolini, au umekuja kuota moto?"

"Nipe za watu wawili."

"Chukua. Na usizichemshe kwa nguvu unavyopiga kelele, zitapasuka."

Alipotoka, Bi Argia alifungua mtoto wa meza na kutoa ufunguo wa nyumba ya babu yake, chuma kirefu, shina lake lina uwazi kama filimbi. Wazee wetu walipiga mluzi kwa funguo: unaweka tundu kwenye mdomo wa chini, unapuliza. Hauhitaji meno. Unahitaji chuki na pumzi, naye alikuwa navyo vyote.

Siku ya Stefano, kesho yake Krismasi, jumba lilijaa. Ilikuwa opera ile ya Verdi, mtunzi wetu, ambamo kijana anachomoa upanga akamwokoe mama yake asichomwe moto. Mwisho wa wimbo ule tenori hupanda hadi noti ya juu kabisa, taa zikatetemeka. Verdi hakuiandika noti ile. Sote tunajua, hata mwuza magazeti anajua. Waimbaji waliiongeza, tukaipenda, ikawa yetu. Ovidio hupenda kusema kwamba Verdi aliisahau, nasi tukamkumbusha.

Quercetti hakuipanda. Alikomea pale alipoachwa na Verdi, na sauti yake ikakaa pale, pana, imetulia, kama mtu aliyesimama mlangoni kwake.

Roshani iliguna.

"Umeiacha nyumbani, Quercetti?" mtu akapaza sauti.

"Rudi ukaichukue. Tutakungoja," mwingine akadakia.

Kicheko kilishuka hadi kwenye viti vya mahameli. Mimi nilikuwa begani kwa Bi Argia. Ufunguo ulikuwa umeshagusa mdomo wake. Macho yalimtazama yule mtu aliyemchukia kuliko wote, naye akasema polepole, kama anayetema mbegu chungu, "Mshenzi ameimba vizuri."

"Nini?" Ovidio alisogea. "Puliza basi. Au meno yamekwama?" Akaweka kiwiko kwenye chuma, mahali pa Bi Argia, akamsukuma kwa bega.

Bi Argia aligeuka, akauelekeza ufunguo kwenye sikio la Ovidio, akapuliza.

Sauti ile ilipiga dari ikarudi. Kule chini Quercetti alishtuka kama aliyechomwa. Akainua uso, akaona nywele nyeupe na chuma kinachong'aa. Ndipo roshani nzima ikafuata, kama ilivyozoea, miluzi kwa mamia.

"Si yeye," Bi Argia alikuwa akipiga kelele. "Si yeye, wapumbavu nyie. Si yeye."

Nilimsikia mimi tu.

Quercetti aliondoka na treni ya asubuhi, na hajaimba tena kwetu. Dukani watu walikuja hata wasiokuwa na njaa. "Umempata, Bi Argia." Akajibu, "Sikumpigia yeye." Wakacheka, wakaona ni kejeli zake. Kila alipokana, jina lake lilizidi kukua.

Ovidio alikuja baada ya mwaka mpya, pamba sikioni, akangoja duka liishe watu.

"Upande huu sisikii."

"Upande huo hukuwahi kusikia."

"Waambie watu kwamba ulinipigia mimi. Yule mtu amefukuzwa bure."

"Nimewaambia, wamecheka. Waambie wewe."

Hapa Parma unaweza kuitwa mwizi na ukazikwa kwa heshima. Lakini mtu akikiri kwa mdomo wake kwamba alipigiwa mluzi, huitwa hivyo hadi kaburini, na watoto wake baada yake. Ovidio alitazama unga wangu, akatazama mlango.

"Nipe anolini," akasema.

Bi Argia alimpimia zile zilizopasuka kingo. Ovidio aliziona, akazipokea.

"Jumapili utasimama wapi?"

"Pale pale."

"Nitakuwa nyuma yako."

"Karibu," Bi Argia akasema, akauweka ufunguo mezani katikati yao. "Uje na sikio la pili."